Ukirudi safari, usiweke begi kitandani

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hiyo huwa tunaitumia kumwonya mtu asiingilie mambo ya nyumba isiyo yake. Wiki hii naomba tuichukue kama ilivyo, kitanda kiwe kitanda na kunguni awe kunguni, kwa sababu sisi watu wa Karatu tunalalia vitanda vya watu mara nyingi sana.

Tazama barabara inayotoka Makuyuni, ikapita Mto wa Mbu, ikapandisha hadi hapa mjini na kuendelea hadi lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro. Mtalii anayepita kwenye barabara hiyo anaendeshwa na dereva na kupikiwa na mpishi, watu wanaolala leo Karatu, kesho Serengeti, keshokutwa Arusha. Yupo mfanyabiashara wa vitunguu wa Mang'ola anayelala gesti akisubiri mzigo wake uuzwe. Yupo mwanafunzi wa bweni anayerudi likizo na tranka na godoro lake. Yupo mama aliyetoka kijiji cha mbali kule Ngorongoro, akakaa siku kumi hospitalini akimuuguza mtoto, usiku analala kwenye mkeka pembeni ya kitanda. Wote hawa wanarudi nyumbani, na wakati mwingine hawarudi peke yao.

Naandika haya nikiwa na la kujibu mimi mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilihudhuria semina ya siku nne katika mji mwingine. Nililala gesti safi, mashuka meupe yananukia sabuni. Nilirudi nyumbani usiku nimechoka, nikaweka begi juu ya kitanda cha mwanangu wa miaka mitano kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mlango. Baada ya wiki tatu hivi mtoto akaanza kuamka na vipele mkononi na shingoni, vitatu vitatu. Nikasema ni mbu, nikakichomekea vizuri chandarua. Vikaendelea. Nikasema ni upele, nikampaka dawa ya upele, ngozi ikazidi kumwasha. Mimi ni muuguzi, na kazi yangu ni kuwaeleza wazazi wengine mambo kama haya. Siku nilipoinua godoro nikakuta madoa meusi kwenye chaga, niliishiwa nguvu.

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kuficha. Nilifunga mlango wa chumba ili dada wa kazi asione. Mtoto nikamhamishia sebuleni, akalale kwenye kochi na blanketi lake lile lile. Shemeji aliyekuwa aje kutusalimia nikamwambia tuna safari. Matokeo yake, kunguni waliokuwa kwenye kitanda kimoja walipata usafiri wa bure hadi kwenye kochi, na baada ya mwezi nyumba nzima ilikuwa yao.

Ndiyo maana nasema, na nitalirudia hadi mwisho wa makala haya, kwamba kunguni wenyewe ni wasumbufu lakini si wauaji. Familia zinaumizwa na mambo mawili tunayoyafanya sisi: aibu inayotufanya tufiche, na sumu tunayonyunyiza kwa hasira.

Kunguni si kipimo cha usafi

Kunguni mkubwa ana urefu wa milimita 5 hadi 7, karibu sawa na punje ya mchele, ila yeye ni bapa, ana umbo la yai na rangi ya kahawia. Akishiba damu hufura na kuwa mwekundu. Hana mabawa wala haruki kama kiroboto. Anatembea tu, na safari zake ndefu zote anazifanya ndani ya mizigo yetu: kwenye mishono ya begi, kwenye pindo la koti, ndani ya blanketi lililokunjwa, nyuma ya fremu ya kitanda kilichonunuliwa kimetumika.

Hafuati uchafu. Anafuata joto la mwili na hewa tunayoipumua. Mtu aliyelala humpatia vyote viwili, awe amelala kwenye hema la kifahari ukingoni mwa kreta au kwenye kitanda cha kamba. Mwaka 2023 jiji la Paris, moja ya miji inayotembelewa zaidi duniani, lilipatwa na taharuki ya kunguni kwenye kumbi za sinema na kwenye treni, mwaka mmoja kabla ya kupokea michezo ya Olimpiki. Kama mji huo umeumwa, Karatu haina sababu ya kujiinamia.

Usafi una faida yake, kwa sababu chumba kisicho na vitu vingi humnyima maficho na wewe humwona mapema. Lakini nyumba inayofagiliwa asubuhi na jioni inaweza kuwa naye. Jike mmoja aliyekwisha kupandwa anatosha kuanzisha ukoo. Anataga mayai machache kila siku, na katika maisha yake yanaweza kufika mamia. Mayai huanguliwa kwa wiki moja hadi mbili, na kwenye joto vifaranga hukua na kuanza kutaga ndani ya miezi miwili hivi. Baridi yetu ya Juni na Julai inawapunguzia kasi tu, haiwaui. Isitoshe, kunguni anaweza kukaa miezi kadhaa bila kula. Kwa hiyo kufunga chumba wiki mbili na kuhamia kwa mkwe hakusaidii kitu, na unaweza kuwapelekea na wakwe.

Mzazi anaweza kuona nini?

Kunguni huuma usiku, hasa karibu na alfajiri, kwa dakika chache tu, kisha hurudi kujificha. Huuma sehemu zisizofunikwa: mikono, shingo, uso, miguu. Mara nyingi vipele hukaa kwa mstari au kwa kundi, na huwasha. Si kila mtu ngozi yake huonyesha. Baba anaweza asiwe na alama hata moja huku mtoto aliyelala naye amejaa vipele, na kwa anayeumwa mara ya kwanza alama zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa. Hii inawafanya wazazi wengi waamini kwamba mtoto ana mzio wa chakula.

Upele ni ugonjwa mwingine. Upele unapenda katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, kiunoni, makalioni na sehemu za siri, na watu wa nyumba moja huanza kujikuna mmoja baada ya mwingine. Dawa ya upele haimhusu kunguni, na ukimpaka mtoto tena na tena unamchubua bure. Kabla hujanunua dawa, washa tochi ukague kitanda. Tafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, madoa ya damu kwenye shuka, magamba waliyojivua, na mayai meupe madogo mno kwenye mishono ya godoro, kwenye maungio ya kitanda na kwenye tundu za misumari.

Swali ninaloulizwa zaidi, kwa kunong'onezwa, ni kama kunguni huambukiza Ukimwi. Hapana. Hakuna ushahidi kwamba kunguni amewahi kumwambukiza mtu virusi vya Ukimwi au homa ya ini kwa kumuuma. Madhara yake ni mengine: kukosa usingizi, mtoto kusinzia darasani, vidonda vinavyoingia usaha kwa kujikuna, na kwa mtoto mdogo anayeumwa na kunguni wengi kwa muda mrefu, kupungukiwa damu.

Kwa vipele vya kawaida osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, paka losheni ya kalamini, mkate mtoto kucha. Kama anawashwa hadi halali, mfamasia atakupa dawa ya mzio kwa kipimo cha umri na uzito wake. Usimpimie kwa kukisia, wala usimpake krimu kali uliyoambiwa na rafiki. Mpeleke kituo cha afya ukiona usaha, uvimbe wenye joto, homa, au viganja na midomo imepauka. Akivimba uso au akipumua kwa shida, usingoje kesho.

Chupa ya soda

Sasa nirudi kwenye kisa changu. Nilidhani nimeficha, kumbe dada wa kazi alijua tangu wiki ya kwanza, na jirani naye akajua. Jioni moja jirani alibisha hodi akiwa na chupa ya soda, ndani yake kimiminika cheupe kama maziwa.

"Nesi mzima unashindwa na kunguni?" akaniambia. "Hii tunapigia vitunguu shambani. Nyunyiza leo kwenye godoro, kesho mtalala kama wafalme."

Alikuja kwa upendo kabisa, na nakiri kwamba mkono wangu ulikwisha kunyooka kuipokea. Nilikuwa sijalala vizuri kwa miezi miwili. Kilichoniokoa ni kumwona mwanangu akiitazama ile chupa. Alidhani ni maziwa mgando.

Katika wilaya ya kilimo na ufugaji kama yetu sumu haiko mbali. Kuna dawa za vitunguu, dawa za kuogeshea ng'ombe, vidonge vya kuhifadhia mahindi. Nyingi zimetengenezwa zitumike nje, penye upepo, na mtu aliyevaa glovu na barakoa. Tukizipiga kwenye godoro tunamlaza mtoto juu yake kwa saa kumi, ngozi yake laini ikigusana nayo, pua yake iko palepale. Baadhi ya dawa hizo huvuruga mishipa ya fahamu. Mtoto hutokwa mate na jasho jingi, hutapika, huharisha, mboni za macho huwa ndogo kama ncha ya sindano, misuli hutetemeka, pumzi hupungua. Vidonge vya mahindi ni hatari zaidi. Vikikutana na unyevu hutoa gesi inayoweza kupenya hadi chumba cha pili na kuua watu wakiwa usingizini, na sumu hiyo haina dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Mafuta ya taa na petroli nayo yameunguza nyumba.

Ikitokea bahati mbaya, mtoe mtoto nje kwenye hewa safi, mvue nguo, mwoshe kwa maji mengi na sabuni, umkimbize hospitalini ukiwa na chupa au pakiti ya dawa yenyewe ili daktari aione. Usimtapishe. Maziwa hayaondoi sumu, usipoteze muda kumnywesha. Na ukifika mwambie daktari ukweli wote. Hakuna atakayekucheka, na dakika unazotumia kutunga maelezo mengine mtoto anazihitaji.

Zaidi ya hatari hiyo, dawa nyingi za kupuliza hazifanyi tena kazi tunayozilipia. DDT iliposambaa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kunguni sugu walianza kuonekana kabla ya miaka ya 1940 kwisha. Hapa kwetu, mwaka 2002 watafiti waliofanya kazi Muheza, mkoani Tanga, walichapisha matokeo kwamba kunguni wa vijiji vilivyotumia vyandarua vyenye dawa kwa miaka kadhaa walikuwa wamejenga usugu dhidi ya dawa za jamii ya pairetroidi, ambazo ndizo zimo ndani ya makopo mengi ya kupulizia wadudu. Mtu akipuliza kopo moja, wachache hufa, wengine hutawanyika hadi chumba cha jirani.

Wapo wanaosema kwamba vyandarua vilivyogawiwa ndivyo vilivyoleta kunguni, na wakavitoa kitandani. Chandarua hakizai kunguni. Kazi yake ni kukukinga na mbu wa malaria, na kwa mtu wa Mto wa Mbu au Mang'ola kukiacha ni kukaribisha ugonjwa unaoua kweli. Kikague mishono, kifue kama maelekezo yake yanavyosema, kisha kirudishe mahali pake.

Joto na subira

Silaha ya kuaminika dhidi ya kunguni ni joto. Yeye na mayai yake hawavumilii nyuzi 50 na kuendelea likikaa kwa muda wa kutosha. Bibi zetu walijua: walitoa kitanda nje, wakamimina maji yanayochemka kwenye maungio, wakakikung'uta. Hawakukosea. Kilichobaki ni kufanya kwa mpangilio na kurudia.

Ukiwa safarini, ukifika chumbani usianze kwa kujitupa kitandani. Weka begi mezani, au bafuni ikiwa sakafu ni kavu. Inua shuka kwenye pembe za godoro, mulika mishono na ubao wa kichwani. Ukiona dalili, omba chumba kingine, kisiwe kile kinachopakana na hicho. Usitundike nguo ukutani wala kuzitandaza kwenye kitanda usichokilalia.

Ukirudi nyumbani, begi libaki nje, barazani au uani. Nguo zote, hata zile ambazo hukuvaa, zitoke humo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, nyuzi 60 au zaidi kwa zile zinazostahimili. Zisizostahimili zipigwe pasi, hasa kwenye mishono na pindo. Begi likung'utwe, lisuguliwe kwa brashi, lianikwe, kisha lifungwe ndani ya mfuko mzito wa plastiki na kuwekwa mbali na vyumba vya kulala. Usitegemee jua peke yake, kwa maana jua letu la mwezi wa saba halifiki kwenye kiini cha godoro. Mwanafunzi wa bweni naye tranka lake lifunguliwe uani. Fanya jambo hilo liwe la kawaida kama kunawa mikono, ili asijione anashukiwa.

Kama wamekwisha kuingia, usihamishe watu wala vitu. Endelea kulala chumba kile kile. Vuta kitanda mbali na ukuta, hakikisha blanketi na chandarua haviburuzi sakafuni. Fua kila kilichopo kitandani kwa maji ya moto. Mimina maji yanayochemka kwenye chaga na maungio, watoto wakiwa mbali. Sugua mishono ya godoro kwa brashi ngumu, ziba nyufa za ukuta kwa simenti au udongo. Rudia kazi yote baada ya siku 10 hadi 14, kwa sababu mayai yaliyopona yatakuwa yameanguliwa, kisha urudie tena mpaka upite mwezi mzima bila dalili. Godoro ukiamua kulitupa, lichane kabisa, la sivyo kesho litakuwa kwa jirani.

Ikibidi kutumia dawa, mwite bwana afya wa kata yako au mtaalamu wa kufukiza aliyesajiliwa. Dawa iwe kwenye chombo chake chenye lebo, iliyosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, yenye makao yake Ngaramtoni, Arusha, na lebo iseme wazi kwamba ni ya kutumika ndani ya nyumba. Dawa isiyo na lebo isiingie chumbani.

Walio juu ya kitanda chetu

Mzazi hawezi kulimaliza hili peke yake. Wenye gesti wakague vitanda kila mgeni anapoondoka, na mhudumu anayetoa taarifa ya kunguni ashukuriwe, asikatwe mshahara. Wakuu wa shule za bweni wawe na siku ya kukagua mabweni kabla ya kufunga shule, ili wanafunzi wasigawane kunguni kwa wilaya nzima.

Na kwa wenye kampuni za utalii na loji nina ombi moja. Chumba cha mgeni kinakaguliwa kwa sababu mgeni akiumwa analalamika, anaandika, anadai fedha yake. Dereva na mpishi wakiumwa kwenye vyumba vyao vya nyuma, wananyamaza wakihofia kibarua. Kisha dereva yule yule anakaa kwenye kiti cha gari la wageni, na jioni ya mwisho anakwenda kwa watoto wake. Kagueni vitanda vya wafanyakazi kwa tochi ile ile. Atakayeona haki ni bure aone basi hata hasara ya biashara.

Na wewe mgonjwa au unayeuguza, usiache kliniki kwa kuogopa kwamba nguo zako zina kunguni. Mwambie nesi mapema, kwa sauti ya chini ukipenda. Tutajua namna ya kuweka mzigo wako, na matibabu utapata.

Mimi nilimaliza kazi baada ya miezi mitatu na maji mengi ya moto. Kilichonirahisishia zaidi ni siku nilipoacha kuficha. Nilimwambia jirani kwamba dawa yake siitaki, ila mikono yake naihitaji. Akacheka, akanisaidia kutoa kitanda nje. Tulipokuwa tunamimina maji, akasema polepole kwamba na yeye anao, tangu mwanawe aliporudi bweni. Alikuwa akinyunyiza ile dawa ya vitunguu kila Jumamosi, na mjukuu wake wa miezi minane alikuwa akilala humo.

Jioni ile ile tulitoa na cha kwake.